Jinsi ya kutengeneza chelezo cha mabomba ya PVC chenye mota, kwa anayeanza kabisa

Maswali ni yale yale kila siku: ninunue mota ya ngapi, bomba la inchi 4 linatosha, naweza kupanda na watoto, mbona changu kinainamia upande mmoja. Nimeona niyajibu yote sehemu moja, hatua kwa hatua, ili ukianza usiwe unabahatisha.

Kabla hatujafika mbali nikwambie kitu. Karibu kila mtu anaanza kwa kuulizia mota, na mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, unainunua, unaifunga, basi. Kazi yenyewe iko kwenye mabomba, tena hasa kwenye vile vifuniko vya mwisho. Mimi changu cha kwanza nilikigundisha mchana wa jua kali, mabomba yenyewe ya moto hata mkono hautulii, nikafunga vifuniko vyote, nikakiacha majini usiku kimefungwa kamba. Asubuhi upande wa kushoto umekaa chini. Nikainua ncha ya bomba moja nikasikia maji yanakimbia ndani kwenda upande wa pili, chwaaa, halafu yanarudi. Nilipokuja kukata kile kifuniko nikakuta kwenye gundi kuna mstari mwembamba mweupe, mkavu, haujashika, upana wake kama uzi wa kushonea. Tundu lilikuwa hilo tu. Hewa iliyokuwa ya moto ndani ilipoa usiku, ikasinyaa, ikavuta maji kupitia pale. Kwa hiyo mwongozo huu utaona nakaa sana kwenye mabomba, na sababu ndiyo hiyo.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Nadharia yote unayohitaji ni hii: kila lita moja ya bomba inayozama inabeba kilo moja.

Bomba la milimita 110, lile tunaloita la inchi 4, lina lita 9 na nusu hivi kwa kila mita. La milimita 160, yaani inchi 6, lina lita 20 kwa mita. Angalia hapo, unene umeongezeka kama nusu tu lakini uwezo wa kubeba umezidi mara mbili. Ndiyo maana nawaambia watu wachukue la 160 hata kama la 110 ndilo limejaa madukani. Unaweza kutumia 110 ndiyo, ila utahitaji vipande zaidi ya mara mbili, maana yake vifuniko zaidi ya mara mbili, maana yake sehemu za kuvuja zaidi ya mara mbili. La milimita 50 achana nalo, linabeba lita 2 tu kwa mita.

Chelezo ninachokuelekeza hapa kina vipande 8 vya bomba la 160, kila kimoja mita 3. Kipande kimoja ni lita 60, vyote 480. Sasa uzito: mabomba yenyewe kilo 65 hivi, vifuniko na elbo (viungo vya kupinda bomba) kilo 12, mbao na plaiwudi 55, mota 10, betri 28, vitu vidogo vidogo kama nanga, kasia na laifu jaketi 10. Jumla 180 bila mtu. Ukiweka watu wawili wa kilo 70 unafika 320.

Kanuni yangu, na siivunji: uzito wote usizidi theluthi mbili za lita. Theluthi mbili za 480 ni 320. Umeona tumefika ukingoni kabisa? Kwa hiyo chelezo hiki ni cha watu wawili, wa tatu hapandi, hata akisema yeye ni mwembamba, hata kama ni "hapa karibu tu". Ukitaka wa tatu ongeza vipande viwili vya bomba kila upande. Mtoto naye ni mtu, kilo zake zihesabiwe, na asipande mpaka chelezo kiwe kimepita majaribio yote ya chini huko.

Vitu vya kuwa navyo

- Mabomba 4 ya PVC ya milimita 160, ya mita 6, unakata katikati unapata 8. Chukua yale mazito ya maji taka, yenye ukuta wa milimita 4.
- Vifuniko 16 vya kugundisha, na elbo 8 za nyuzi 45 za saizi hiyo hiyo
- Gundi ya PVC, ile ya mabomba makubwa, nzito, pamoja na dawa yake ya kusafishia
- Msasa, msumeno, tupa
- Chupa tupu za soda za lita 1 na nusu zenye vifuniko vyake, nyingi, anza kukusanya leo
- Valvu 8 za tairi lisilo na tyubu, na pampu ya baiskeli
- Mbao za mbili kwa nne: 4 za mita 1.8 na 3 za mita 2.5
- Plaiwudi moja ya milimita 12, ile isiyoogopa maji
- Bolti, nati na washa zisizoshika kutu
- Mikanda ya kufungia mizigo, yenye kikaza cha chuma, isiyopungua 8
- Mota ya umeme ya boti ya volti 12, msukumo wa pauni 40 hadi 55
- Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ile ya kutumika muda mrefu, sio ya kuwashia gari, na boksi lake
- Breka ya umeme, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ya ampea 50 au 60 (fuata kitabu cha mota yako) na waya nene wa milimita za mraba 16
- Kasia mbili, kamba ndefu, filimbi, laifu jaketi moja kwa kila kichwa

Ukiwa dukani angalia vitu viwili. Kuna mabomba ambayo mdomo wake una mpira ndani, ya kuchomeka tu bila gundi. Kwenye maji taka ya nyumbani yako sawa kwa sababu yametulia ardhini, kwenye chelezo yanachezacheza na maji yanaingia. Pia yale mabomba meusi laini na yale ya kijani ya kuunganishwa kwa moto sio PVC, gundi ya PVC haiyashiki kabisa, utaona kama imeshika halafu unalibandua kwa mkono kama ganda la ndizi.

Kazi yenyewe

1. Kata mabomba. Zungushia karatasi iliyonyooka kwenye bomba, chora mstari kuifuata, ukate juu ya mstari. Ukikata mshazari kifuniko hakikai sawasawa na gundi inakosa pa kushika. Toa vipele vya ndani na nje kwa tupa, halafu ukingo wa nje uupunguze kidogo uwe na mteremko, la sivyo utakuwa unakwangua gundi wakati wa kusukuma.

2. Jaribu bila gundi. Chomeka kila kitu kikavu, chora alama ya penseli kuonyesha kifuniko kinaingia mpaka wapi. Alama hii ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama kimerudi nyuma. Mbele ya kila bomba panakaa elbo inayoangalia juu, kisha kipande kifupi cha bomba kama ukubwa wa kiganja, unakikata kwenye bomba hilo hilo, kisha kifuniko. Nyuma ni kifuniko kitupu. Usiruke elbo kwa kubana matumizi. Bomba lenye pua bapa linasukuma maji kama ukuta, na ukiongeza mwendo linataka kuchimba chini.

3. Toboa vifuniko vya nyuma. Kila kifuniko cha nyuma toboa tundu la valvu karibu na ukingo wa juu, kwa valvu nyingi za kawaida ni milimita 11 na nusu, ila pima ya kwako. Valvu ipachike kwa kuivuta kutoka ndani kwenda nje kabla hujagundisha, ukishafunga huwezi tena. Kile kitufe cha ndani ya valvu kitoe kwanza, uhifadhi. Wengi hawajui hili: ukisukuma kifuniko cha mwisho kwenye bomba lililofungwa upande wa pili, hewa iliyobanwa inakisukuma kirudi taratibu gundi ikiwa bado laini, na wewe umeshageuka kushika kingine. Valvu ikiwa wazi hewa inatoka.

4. Gundisha. Fanya asubuhi au jioni mabomba yakiwa ya baridi, sehemu yenye hewa ya kutosha, na pasiwe na moto wala sigara karibu maana mvuke wa gundi unawaka. Piga msasa kidogo pande zote mbili, futa kwa ile dawa, paka gundi ndani ya kifuniko na nje ya bomba, kwenye bomba rudia mara ya pili, pasibaki sehemu kavu hata moja. Sukuma huku unazungusha robo mzunguko, mpaka kwenye alama, halafu kaa umekishikilia, hesabu mpaka sitini, usiachie hamsini. Ukikaa vizuri utaona shanga nyembamba ya gundi imejitokeza kuzunguka kote. Pasipo na shanga ndipo maji yatakapopita. Anza na upande wa elbo kwenye mabomba yote, elbo zote ziangalie juu kwa kimo kimoja.

5. Jaza chupa. Kabla ya kufunga nyuma, sukumiza chupa za soda ndani, vifuniko vimekazwa, mpaka bomba lijae. Bomba likija kupasuka kwa kugonga jiwe bado chupa zinabeba. Watu wananiuliza kwa nini nisipulizie povu la kopo, lile linalofura. Ndani ya bomba refu lililofungwa halikauki vizuri, linabaki uji katikati, na ukishalitia hulitoi. Chupa ni nyepesi na hazina mambo. Funga nyuma, acha saa 24. Nazisema 24 kamili, sio "limeshakauka nimeligusa".

6. Pima kama yanavuja. Rudisha kitufe cha valvu, pampu ya baiskeli ipige mara 10 tu. Paka povu la sabuni kila maungio na kuzunguka valvu, usogeze jicho karibu kabisa, kivujo kidogo kinatoa viputo vidogo kama mayai ya samaki vinavyoongezeka polepole. Usitumie kompresa, hata kidogo. Bomba la PVC likijaa hewa ya nguvu likipasuka linarusha vipande vyenye makali kama vya chupa, na limeshaumiza watu wengi. Pampu 10 zinatosha kuonyesha tundu lolote la maana. Penye kivujo usipake gundi juu juu, haisaidii. Kata kifuniko, weka kingine kwa kutumia bomba lililobaki, ndiyo inauma, ila majini inauma zaidi.

7. Paka rangi. Jua linaifanya PVC iwe kavu na kuvunjika kama kigae. Piga msasa laini, paka rangi ya maji nyeupe au yoyote ya mwanga. Rangi nyeusi usithubutu, bomba litachemka.

8. Tengeneza fremu. Panga mabomba manne kushoto, manne kulia, katikati acha uwazi wa sentimita 40. Upana wote unakuja kama mita 1.7. Huo uwazi usiuzibe, ndio unaokupa utulivu chelezo kisipinduke, na ndimo maji yanapita kwenda kwenye propela. Laza zile mbao 4 kukatisha mabomba, juu yake zile 3 ndefu, funga kwa bolti na washa pana. Mbao zipakwe rangi au vanishi kabla, hasa ncha zake, maana mbao inakunywa maji kwa mdomo.

9. Funga mabomba kwenye fremu kwa mikanda. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi yote ya wiki nzima: wanatoboa bomba wapitishe skrubu. Usitoboe bomba. Mkanda upite chini ya mabomba manne, upande, uzungukie ubao, ukazwe. Kila rundo angalau mikanda 4. Kati ya ubao na bomba weka kipande cha mpira wa tairi la ndani ili lisisuguane. Pembeni mwa kila rundo pigilia kibao kidogo kwenye fremu kuzuia mabomba yasitembee. Kisha plaiwudi juu, katikati.

10. Sehemu ya mota. Nyuma, katikati ya ule uwazi, funga ubao mgumu wa unene wa sentimita 4 kwa bolti zinazopita mpaka upande wa pili, sio skrubu. Mota ikae propela ikiwa nyuma ya mabomba na chini yake, ncha ya juu ya propela izame sentimita 20 hivi. Hata ikikazwa vipi, ifunge na kamba ya pili kwenye fremu, mota nyingi zimelala chini ya maziwa kwa sababu ya kukosa kamba tu.

11. Umeme. Betri ndani ya boksi, boksi lifungwe kwa mkanda, likae nyuma ya katikati kidogo, sio mwisho kabisa. Breka ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Ukiiweka mbali, kile kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi, kikigusana na hasi kinawaka na betri haijali. Nyaya ziunganishwe kwa vichwa vya kubana, sio kuzungushia na selotepu. Mota ya pauni 45 ikiwa mwendo wa mwisho inavuta ampea 40 na kitu, waya mwembamba utauona unalainika.

Kuhusu pauni ngapi: 40 hadi 55 inatosha chelezo hiki. Kitaenda kama kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kawaida, na ukiongeza mota kubwa utamaliza betri haraka tu bila kuongeza mwendo wa maana, umbo la chelezo ndilo linalokataa. Injini ya petroli sikushauri kwa chelezo cha kwanza, mtikisiko wake unalegeza kila bolti uliyokaza.

Kabla hujapanda

Shusha chelezo kwenye maji ya magotini, kamba imeshikwa nchi kavu. Pakia madumu 7 ya lita 20 yaliyojaa maji, hizo ni kilo 140, sawa na watu wawili. Acha saa nzima. Yatoe, pandisha chelezo, inua kila bomba ncha moja usikilize. Pakiwa kimya, rudi majini, sasa watu wawili wenye laifu jaketi wasimame wote upande mmoja, ukingoni. Kitalala kidogo, hiyo sawa, lakini mabomba ya upande ule yasizame yote. Yakizama yote, kila rundo lisogee nje zaidi.

Halafu ndiyo mota, mwendo wa kwanza kabisa, mbele na nyuma, bado kwenye kamba.

Safari ya kwanza iwe kwenye maji yaliyotulia, ukiwa na mwenzako nchi kavu anayejua umeenda wapi. Anza kwa kuelekea upepo unakotoka, ili betri ikichoka upepo ukurudishe. Kama ni mto, tupa kijiti majini utembee nacho ukingoni. Kikikuacha, usishushe chelezo hapo, maana na mota yako haitaweza kurudi. Baharini kwenye mawimbi sio mahali pake. Na uliza mamlaka ya maji ya kwenu, nchi nyingi chombo chochote chenye mota lazima kisajiliwe, hata cha kujitengenezea.

Betri ya kawaida ya asidi usiimalize, nusu ndiyo mwisho. Kwa ampea-saa 100 mwendo wa mwisho unapata saa moja na dakika chache, ukienda polepole inazidi mara kadhaa. Zima mota, subiri itulie, pima: ikisoma volti 12.2 umeshafika nusu, geuza.

Kikikusumbua

*Kinainamia upande mmoja.* Kwanza hamisha betri na watu. Kikiendelea baada ya kushusha mzigo wote, kuna bomba lina maji. Inua moja moja.

*Mota inanguruma, povu nyingi, mwendo hakuna.* Propela inavuta hewa kutoka juu. Ishushe zaidi, au rudisheni uzito nyuma kidogo.

*Kilikuwa kinaenda, sasa kinajikokota.* Zima, toa waya wa betri, ndiyo uangalie propela. Mara nyingi ni nyuzi za kuvulia au majani yamejisokota kwenye shafti. Hata siku moja usiingize mkono kwenye propela betri ikiwa imeunganishwa.

*Breka inakata kila saa.* Propela imekwama, au waya ni mwembamba, au kiungo kimelegea. Gusa viungo kwa mgongo wa kidole, chenye joto ndicho chenye tatizo. Usiweke breka kubwa zaidi ili iache kukata.

*Pua inazama ukiongeza mwendo.* Uzito uko mbele mno. Rudi nyuma hatua moja.

*Mikanda inalegea.* Hiyo kawaida yake. Kaza tena baada ya nusu saa ya kwanza majini, na kila kabla ya safari.

*Nitajuaje bomba bado zima bila kulifungua?* Kipandishe chelezo, kiache juani saa moja, kisha bonyeza kila valvu kwa kucha. Bomba zima linatoa hewa, psss, kwa sababu ilipata joto ikakosa pa kutokea. Ukibonyeza likakaa kimya wakati wenzake wote wamepiga psss, hewa yake ilishapata njia nyingine. Litie alama kwa chaki, lipige pampu kama kwenye hatua ya 6, paka povu la sabuni, utaikuta.